Njia ya Visima: Garissa hadi El Wak

Kabla ya lami na kabla ya mabasi ya usiku, safari za Kaskazini Mashariki ya Kenya zilifuata maji. Msafara uliondoka Mto Tana na viriba vilivyojaa, ukapita Modogashe na Habaswein, ukafika visima vya Wajir, kisha ukaelekea kaskazini hadi El Wak. Wazee husimulia kwamba visima hivyo vilichimbwa na Wamadanle, watu wa kale ambao leo wamebaki katika masimulizi tu. Waliokuja baada yao walivirithi, wakavipigania, na vita vilipotulia wakavitungia kanuni: nani ananywesha mifugo kwanza, nani anasubiri, na mgeni aliyefika na kiu atendewe nini.

Kanuni hizo zilikuwa za dini na za ukoo kwa pamoja, na si rahisi kuzitenganisha. Waborana na Waorma walimwomba Waaq, Mungu mmoja wa mbinguni, na Wasomali nao walilijua jina hilo kabla Uislamu haujaenea kwao. El Wak imelibeba mpaka leo. Waorma wengi walisilimu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa hiyo familia nyingi za ukingo wa Tana zina babu aliyeomba kwa njia moja na mjukuu anayeomba kwa njia nyingine, na wote wakamrithisha mtoto adabu ileile ya kisimani.

Katika mila ya Kisomali wapo watu ambao mkuki haupaswi kuwagusa hata vita viwake: wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, wachamungu na wageni. Mila hiyo huitwa biri-ma-geydo. Mwenzake ni magan, mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa mwingine. Ukishamkubali magan, kumdhuru yeye ni kukudhuru wewe, na aibu ya kumwacha auawe itaufuata ukoo wako kwa vizazi.

Nimeifuata njia hii ya visima kwa sababu ya swali moja. Watu wa imani mbalimbali walioishi hapa, Waislamu walio wengi na Wakristo walio wachache, walikubaliana juu ya nini? Habari za Garissa, Wajir na Mandera hutufikia zikiwa na idadi ya waliouawa. Mambo ambayo watu hao walishikana mikono juu yake huandikwa mara chache, nayo yana historia ndefu inayostahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Mahali pengine duniani swali hilo limezaa jumuiya nzima. Mwaka 1568, katika mji wa Torda huko Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, baraza la mfalme John Sigismund liliamua kwamba kila mhubiri ahubiri kama anavyoielewa Injili, na kwamba waumini wasilazimishwe kumpokea mhubiri wasiyemkubali. Ferenc Dávid, mhubiri aliyeshikilia kwamba Mungu ni mmoja asiye na nafsi tatu, ndiye anayekumbukwa kuwa mwanzilishi wa Waunitaria wa huko. Mfalme alipofariki upepo uligeuka, na mwaka 1579 Dávid alikufa gerezani. Waunitaria wa leo wana vikundi vidogo hata Kampala na Bujumbura, na wengi wao hukutana juu ya misingi kama utu wa kila binadamu na uhuru wa kuutafuta ukweli, bila kudai wote wakiri imani moja.

Torda ilianza na amri ya mfalme. Kaskazini Mashariki ya Kenya amri za watawala zilivuta upande mwingine. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1926 iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, na asiye mwenyeji hakuingia bila kibali. Sheria ya 1934 ilikaza zaidi. Kisha, Kenya ilipopata uhuru, vilikuja vita vya Shifta kuanzia 1963 hadi 1967, na baada ya vita ikabaki hali ya hatari iliyoendelea mpaka 1991. Kwa karibu miaka 30, mtu wa Wajir aliyekwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya, na hakuwa anatia chumvi.

Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa habari ya dini. Mkristo wa kwanza ambaye watu wengi wa hapa walimfahamu alikuja na sare: polisi, askari, karani, au mwalimu aliyepangiwa kazi. Kanisa la mjini lilikuwa nyumba ya watumishi wa serikali iliyokuwa na bunduki. Kanisa Katoliki lilifungua eneo la kimisionari la Garissa mwaka 1976, nalo likawa jimbo kamili mwaka 1984 chini ya Askofu Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta. Waumini wake wengi walikuwa wageni kutoka mikoa mingine. Katika hali kama hiyo, mazungumzo ya imani hayawezi kuanza na swali la nani ana kitabu sahihi. Swali la kwanza ni iwapo mgeni huyu amekuja kukutawala au kuishi nawe.

Yalikuwapo mazungumzo ya vitabu pia, na ya kiwango cha juu. Mwaka 1980 wahadhiri wawili waliokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, Mwislamu Badru Kateregga wa Uganda na Mmenoniti David Shenk, aliyewahi kufundisha Somalia, walichapisha Nairobi kitabu cha majadiliano. Kila mmoja anaieleza imani yake sura kwa sura, na mwenzake anamjibu. Hawakuficha wanapotofautiana juu ya Yesu wala juu ya Mtume Muhammad. Nakipenda kwa ujasiri huo, kwa kuwa urafiki unaohitaji watu wawili wanyamazie imani zao hauna afya. Hata hivyo, mama muuza maziwa ya ngamia wa Wajir hakukisoma, na aliyewafundisha majirani zake kwamba Mkristo anaweza kuwa mtu wao hakuandika kitabu.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alifika Kenya mwaka 1969, akaja Wajir kama mwalimu. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika la kitawa. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida aliyetaka kuishi na maskini, na punde wakajiunga naye wanawake wachache wenye nia kama yake. Hicho ndicho kilichokuwa kikundi kizima: nyumba moja ya Wakristo katika mji wa Waislamu, wakiomba asubuhi na kuwahudumia watoto waliolemazwa na polio mchana. Annalena hakuhubiri ili watu wabadili dini.

Kazi yake kubwa ilikuwa kifua kikuu. Wakati huo matibabu yalichukua mwaka au zaidi, na mfugaji hawezi kulala wodini mwaka mzima huku ngamia wake wakihamia malisho mengine. Wagonjwa walitoroka, dawa zikakatizwa, ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi. Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya wafugaji. Aliwaruhusu wagonjwa wasimamishe vibanda vyao vya mikeka karibu na kituo, wakae na jamaa zao kama walivyozoea, na kila siku wameze dawa mbele ya mhudumu kwa miezi 6. Watu wakapaita manyatta ya TB. Mtindo huo wa kumeza dawa mbele ya shahidi baadaye ulienea ulimwenguni kote.

Wataalamu wa afya husifu mbinu. Mimi naona pia mwanamke mgeni aliyekubali utaratibu wa wenyeji na kuufanya kuwa sehemu ya tiba. Mgonjwa yumo katika orodha ile ya watu ambao mkuki hauwagusi. Kwa Annalena mgonjwa alikuwa Kristo mwenyewe. Misingi miwili iliyotoka vyanzo tofauti ilikutana kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyelazimika kuikana ya kwake.

Kisha ikaja Februari 1984. Kuanzia tarehe 10, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa kwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi, na maiti zikatupwa porini. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria waliokufa kuwa karibu 1,000. Annalena alitoka na wanawake wa Wajir kuwatafuta majeruhi na kuwazika wafu. Habari, majina na picha vikatolewa nje kwa siri, na mbunge Ahmed Khalif akalipeleka suala hilo bungeni. Mwaka uliofuata Annalena alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi Somalia, akawa na hospitali na shule ya watoto viziwi huko Borama, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukamtunukia tuzo ya Nansen. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi katika hospitali yake na kufa.

Naisimulia Wagalla ndani ya makala ya imani kwa makusudi. Waliowaua wanaume wale walikuwa na mamlaka, na mamlaka hayana dini moja. Waliowazika walikuwa wanawake wa Kiislamu wakiongozana na Mkatoliki mmoja. Anayetaka kujua ni misingi gani ya kiroho inayoshirikiwa Kaskazini Mashariki aanzie hapo, kwenye kumsitiri maiti ambaye serikali imekataza atafutwe.

Miaka 8 baada ya Wagalla, Wajir iliwaka tena, safari hii koo kwa koo. Dola ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991 na bunduki zilivuka mpaka kwa wingi, ukame uliua mifugo, na Waajuran, Wadegodia na Waogaden wakapigana juu ya malisho, maji na viti vya siasa. Usiku mmoja Dekha Ibrahim Abdi, mama kijana aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alijificha na mtoto wake nyumbani huku risasi zikipita. Asubuhi mama yake alimwambia kuwa yeye naye aliwahi kumficha Dekha vivyo hivyo alipokuwa mdogo. Dekha aliona kwamba jambo lisipofanyika, mtoto wake naye atakuja kumficha mjukuu.

Mwaka 1992 wanawake wa koo tofauti walikutana harusini na kuanza kuzungumza. Walikuwa wachache, na walianza na kilichokuwa mikononi mwao, yaani soko. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika, mama wa ukoo huu hamuuzii wala hanunui kwa mama wa ukoo ule. Wakaamua kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, ataingia sokoni salama. Waliweka watu wa kuangalia, na ugomvi ulipozuka waliufuata papo hapo kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki.

Soko lilipotulia walikwenda kwa wazee. Hapo walifanya jambo la busara kubwa: walimtafuta mzee wa ukoo mdogo sana, asiyeweza kutishia mtu, ndiye awasemeshe wazee wa koo kubwa. Vijana nao wakaingizwa, wafanyabiashara wakachanga. Mnamo Septemba 1993 wazee walitia sahihi Azimio la Al-Fatah, lililoweka namna ya kurudisha mifugo na kulipa damu. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliingizwa katika mfumo wa serikali kama Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na kamati za amani za wilaya nyingine za Kenya zimefuata nyayo zake.

Dekha alikuwa mtu wa dini kwa kina. Alirudi kwenye Kurani kutafuta nyenzo za kazi yake, akayachukua mafundisho ya nafsi na daraja zake: nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu, na nafsi iliyotulia. Mpatanishi, alifundisha, lazima ajipime kwanza yuko daraja gani kabla hajawapima wengine. Wakristo waliofanya kazi naye waliielewa hoja hiyo mara moja kwa kuwa na wao wana mazoea ya kuichunguza dhamiri. John Paul Lederach, Mmenoniti wa Marekani, aliiweka habari ya wanawake wa Wajir mwanzoni mwa kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu ujenzi wa amani. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mapema mwaka uliofuata, Kenya ilipochinjana baada ya uchaguzi, alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokusanyika Nairobi kutafuta njia ya kuzima ghasia, pamoja na Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazarus Sumbeiywo na Daniel Opande. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari, akiwa na miaka 47 hivi. Mumewe na dereva walikufa katika ajali hiyohiyo.

Miezi michache baada ya kifo chake jeshi la Kenya liliingia Somalia, na mashambulizi ya al-Shabaab yakaongezeka. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa kwa guruneti na bunduki, na zaidi ya waumini 10 wakauawa katika kanisa la AIC. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wa Kiislamu wangesimama ulinzi nje ya makanisa wakati wa ibada. Dhana ya magan ilirudi kwa jina jingine. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakawatenga wanafunzi Wakristo, na watu 148 wakafa. Ulinzi wa jirani hauwezi kuziba pengo la serikali iliyopuuza maonyo, na haifai kuudai uzibe.

Huko El Wak, mwisho wa njia ya visima, kanuni ya zamani ilijaribiwa kwa ukali kuliko popote. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, abiria wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi la Mandera lilisimamishwa tena, si mbali na El Wak. Wauaji waliamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu za kujifunika, na watu wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi, akafariki tarehe 18 Januari 2016 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Taifa lilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na filamu fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Hamburg na kuchezwa na waigizaji wa Kenya, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2018.

Abiria wale hawakuwa wanachama wa jumuiya yoyote. Walikuwa wafanyabiashara, walimu, akina mama na watoto waliochoka na vumbi. Hawakuwa na muda wa kujadili utatu wala wahyi. Kila mmoja alikuwa na sekunde chache za kuamua kama mtu aliyekaa kiti cha pili yuko chini ya ulinzi wake, na jibu lilikuwa limewekwa ndani yao zamani, na bibi zao, na madrasa zao, na adabu ya kisimani. Mwislamu anaijua aya ya 32 ya Suratul Maida kuhusu thamani ya nafsi moja. Mkristo anaijua habari ya Msamaria. Hiyo ndiyo misingi inayoshirikiwa, nayo ina gharama: Salah Farah aliilipia uhai wake.

Gharama ya kuipuuza nayo inaonekana. Januari 2020 walimu watatu wasio wenyeji waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo. Madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu wa hisabati wala sayansi, na watoto hao karibu wote ni Waislamu. Mgeni akifukuzwa, anayeumia kwanza ni mtoto wa mwenyeji.

Wanawake waliokaa pamoja Wajir mwaka 1992 wamezeeka, na baadhi wametangulia mbele ya haki. Waliomeza dawa katika manyatta ya TB wakiwa watoto sasa ni babu na bibi. Abiria wa basi la 2015 wangali wanasafiri njia hiyohiyo. Wewe unayesoma haya ukiwa Garissa, Wajir, Mandera au Eastleigh, na una mama, abti (mjomba) au jirani aliyekuwapo, keti naye ukiwa na kalamu au simu ya kurekodi, uandike majina, koo, na maneno waliyoambiana. Fanya hivyo mwaka huu, wakiwa bado wanaweza kukusimulia.